Refa Wetu na Rufaa ya Okoth

Filimbi ya Refa wetu ikilia uwanja wa Obunga, kuku wa Kondele walikuwa wanasimama mguu mmoja hewani, na viboko huko ziwani wanatoa vichwa kuangalia ni nani amecheza rafu. Naapa. Nilikuwa mshika kibendera wake kwa miaka mingi, upande wa kulia, na sikio langu la kushoto mpaka leo linasikia nusu kwa sababu yake. Daktari anasema ni nta. Daktari hakuwahi kusimama karibu na ile filimbi.

Jina lake analo, liko kwenye kitambulisho, lakini hakuna aliyelihitaji. Mkewe alimwita Refa. Mchungaji akimwombea alisema, "Bwana, mkumbuke Refa," na nadhani Bwana alijua ni nani. Alikuwa mfupi, miguu imepinda kama mabano, na kaptula yake nyeusi ilipigwa pasi mpaka ule mkunjo ungeweza kukata nyanya. Akiingia uwanjani alitembea kama mtu anayekagua shamba lake mwenyewe. Akigusa mlingoti wa goli kwa kiganja, mlingoti ulisimama wima zaidi. Hilo nalo naapa.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kuuza viatu vya mtumba soko la Kibuye, na hapo ungekutana na mtu mwingine kabisa. Pale Kibuye alikuwa laini kama uji. Mama akisema, "Baba, punguza," anapunguza. Mama akisema tena, anapunguza tena. Mara moja nilimwona akimpa mteja kiatu cha kushoto bure kwa sababu cha kulia kilimbana. Nikamuuliza, "Refa, na hiki cha kulia utamuuzia nani?" Akakikuna kichwa chake kile kipara. "Yawa! Hilo sikulifikiria." Mtu huyohuyo, avae kaptula nyeusi, ungemletea gavana na bendi ya polisi asingekupunguzia hata nusu kona.

Alikuwa na maneno yake. "Filimbi ikishalia, kila mdomo ni redio tu." Na hili: "Mchezaji akilia sana, angalia goti la mwenzake." Na lile kubwa kuliko yote, ambalo watoto wa Obunga walilisema wakigombania gololi: "Nilichoona, nimeona." Akishalisema hilo, mambo yamekwisha. Kulikuwa na majirani wawili wamegombana juu ya mbuzi nani alimpiga jiwe, chifu msaidizi ameshindwa, wazee wameshindwa, na mtu mmoja akauliza tu, "Refa alikuwepo? Aliona?" Refa akasema aliyerusha ni fulani. Fulani akalipa mbuzi bila kusema neno.

Siku moja timu ya kanisa lake mwenyewe ilicheza na vijana wa Nyalenda, na Refa akawapa Nyalenda penalti dakika ya mwisho. Mchungaji alisahau wokovu wote, akaingia uwanjani mbio, kanzu imeshikwa kwa mikono miwili. "Refa! Wewe ni mwana wa kanisa hili!" Refa akatoa kadi ya njano, akamwonyesha mchungaji. "Mchungaji, hapa si madhabahuni. Ukiongeza neno naitoa ile nyingine." Jumapili iliyofuata mahubiri yalihusu Pilato. Refa alikaa mstari wa mbele, akaitikia amina kuliko watu wote.

Mara nyingine tulikwenda Usenge. Kule goli moja lilipakana na nyavu za kuanikia omena, wale dagaa wa ziwani, na mpira wa kona ulitua katikati ya omena wa mama mmoja, ukaruka nao wote. Wale kina mama walikuja na mifagio, kikosi kizima, nikatupa kibendera nikakimbia mpaka karibu na Uganda. Refa hakukimbia. Alipuliza filimbi, akasimamisha mechi, akaamuru wachezaji wote na makocha wapige magoti waokote omena mmoja mmoja mpaka mwenye mali aseme basi. Waliokota. Kipa mmoja aliokota huku analia. Kisha Refa akarudisha mpira kwenye pembe na kusema, "Kona inarudiwa." Wale kina mama walimpigia vigelegele, wakampa samaki wa kwenda nao. Na huyu mtu, niseme ukweli, alikuwa anaogopa maji. Amekaa pembeni mwa ziwa maisha yake yote na hakuwahi kuoga zaidi ya magoti.

Ni yeye aliyenipeleka ngumbaru, yaani darasa la jioni la watu wazima, baada ya kugundua kwamba sheria za mpira nilikuwa nimezikariri kwa kusikia. "Mshika kibendera asiyesoma," aliniambia, "ni mti wenye kitambaa." Basi nikaenda, na ndevu zangu, nikakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa masikio. Siku ya kuhitimu Refa alikuja na sare kamili. Jina langu lilipoitwa alipuliza filimbi ukumbini. Mgeni wa heshima aliingia chini ya meza.

Nimeyasema haya yote ili mjue tulikuwa na mtu wa namna gani, na kwa nini korti ilimwamini.

Mshika kibendera wa kushoto alikuwa Ouma, mdogo wake wa mwisho, kijana mwembamba mwenye kicheko cha fisi. Refa alimlea kama mtoto. Jumamosi moja wawili hao walikwenda kuchezesha mechi Katito, mimi nikabaki Kisumu kwa sababu ya mtihani wa ngumbaru. Jua lilipozama walikuwa njiani kurudi kwa pikipiki ya Ouma. Wameiacha kidogo tu ile njia panda ya Kendu Bay, mnyororo ukatoka. Ouma akainama kuurudisha. Ikaja pikipiki nyingine na watu watatu, ikasimama mbele yao, taa imewamulika usoni. Hawakusalimu. Waliitaka pikipiki, na Ouma, ambaye alikuwa bado hajamaliza kuilipia, akashika usukani akakataa kuuachia. Walimpiga chuma kichwani. Refa walimvunja mkono akaanguka mtaroni. Gari la kwanza lililosimama lilimchukua Ouma akiwa bado anapumua, lakini halikumfikisha hospitali akiwa hai.

Mimi nilifika hospitalini Refa anafungwa plasta. Nikamuuliza, "Ni nani, Refa?"

"Sijui, omera, ndugu yangu. Taa ilinipiga machoni. Niliona taa tu."

Polisi walipomuuliza aliwaambia hivyohivyo. Kila aliyekuja kumpa pole alisikia maneno yaleyale. Niliona taa tu.

Sasa, juma lililotangulia, Refa alikuwa amempa kadi nyekundu mshambuliaji wetu wa Obunga, anaitwa Okoth. Okoth alikuwa na mguu wa kushoto ambao ungeweza kuutoboa ukuta wa benki, na hasira za kulingana na huo mguu. Refa alisema Okoth amempiga beki kiwiko. Okoth alisema beki ameanguka mwenyewe kama gunia. Akatoka uwanjani akipiga kelele, "Refa, tutakutana barabarani!" Maneno hayo refa yeyote huyasikia kila Jumamosi, mimi kibendera tu nimeahidiwa kuzikwa mara mia nne. Hatukuyatilia maanani.

Okoth alikuja mazishini. Si kuja tu. Alikuja na jembe lake, akachimba kaburi, akabeba viti, akachota maji, akapasua kuni. Punda angeomba likizo, yeye hakuomba. Lakini hakula. Shangazi yake Refa, ambaye Refa alimwita Waya, mama mkubwa wa kifua na sauti, alimletea sahani ya ugali na nyama. Okoth akaweka mikono nyuma. "Asante mama, nimeshiba." Akaletewa tena, akakataa tena. Kiu ilipomshika alikwenda kunywa kwa jirani.

Kwetu jambo hilo halipiti hivihivi. Aliyemwaga damu ya mtu hali chakula cha nyumba ya marehemu. Kati ya nyumba hizo mbili kuna kwor, yaani deni la damu, na anayekula juu ya kwor, wazee wanasema, atavimba afe, na watoto wake wamfuate. Kwa hiyo kwenye mazishi ya mtu aliyeuawa na wasiojulikana, wanawake wanaogawa chakula wana macho makali kuliko wapelelezi wa serikali. Wanaangalia ni nani anakula na ni nani anazungusha tonge tu.

Nilikuwa nimekaa karibu na Refa shangazi alipokuja akainama sikioni mwake. Kunong'ona kwake kulisikika mpaka kwa kwaya. "Nyathina, mwanangu, yule kijana wa kadi amekataa chakula chetu. Mara mbili."

Refa alimwangalia Okoth, ambaye alikuwa anabeba benchi peke yake. Akamwangalia muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Ngoja. Ngoja kidogo, Waya. Yule aliyeshika chuma... alikuwa na mabega kama yale."

Kesho yake asubuhi yale mabega yalikuwa yameota shingo. Walipofika kituo cha polisi, shingo ilikuwa na uso, na uso ulikuwa wa Okoth.

Kesi ilipofika korti ya kwanza, Refa alisimama kizimbani na mkono wake uliopona vibaya, akaulizwa kama ana hakika. Mnajua alijibu nini. "Nilichoona, nimeona." Ukumbi mzima uliguna kwa kukubali. Mama yake Okoth, anayeuza mgongo wazi pale Obunga, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki kiwandani baada ya mnofu kuondoka, anayoikaanga mpaka kichwa kinalia kachakacha, alikwenda kutoa ushahidi pia. Akasema mwanawe siku ya kadi alirudi nyumbani amefura, akaapa mbele yake, mkono juu: hatakula kitu cha Refa mpaka Refa amwombe msamaha. "Ndiyo sababu hakula," akasema. "Alikwenda kuzika rafiki yake Ouma, lakini kiapo ni kiapo." Watu walicheka. Mtu anaapa juu ya kadi? Na mama atasema nini kingine? Okoth akafungwa maisha.

Refa aliendelea na filimbi yake, ila alikonda. Pale Kibuye akaacha hata kupunguza bei. Mama Okoth akaendelea kukaanga, na wateja wakampungukia, maana nani anataka kula kwenye sufuria ya mama wa muuaji? Siku za kutembelea wafungwa alitembea mpaka Kodiaga na kikapu. Njia yake ilipita mbele ya viatu vya Refa. Wote wawili waliangalia upande mwingine.

Sasa nije kwenye ile mechi, na hapa sitaongeza chumvi hata punje, kwa sababu yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Ilikuwa fainali ya mitaa, mshindi anapewa fahali. Mechi ilianza kwa kuchelewa, giza likaanza kuingia na matokeo ni sare, watu wamekataa kwenda nyumbani. Vijana wa bodaboda wakapanga pikipiki zao pembeni wakawasha taa zote, zikamulika uwanja. Mechi ikaendelea. Kulikuwa na namba tisa mmoja msumbufu, mbishi wa kuzaliwa, ambaye Refa alikuwa amemwonya mchana kutwa. Basi mbele ya goli ikatokea purukushani, mtu akavutwa jezi, akaanguka. Filimbi! Refa akaja mbio kutoka kwenye mwanga, ameinua kadi.

"Namba tisa! Nimekuona! Njoo hapa!"

Hakuna aliyekwenda.

"Namba tisa! Usijifiche! Nimekuona kwa macho yangu mawili, umemshika jezi kwa mkono wa kulia!"

Kicheko kikaanza upande wangu, kikazunguka uwanja mzima kama moto wa nyasi. Namba tisa alikuwa amekaa karibu na miguu yangu. Alikuwa ametolewa zamani. Amevua viatu, anakunywa maji.

Nilimkimbilia Refa na kibendera changu. "Refa, tisa yuko nje. Mwenyewe ulimpigia filimbi atoke."

"Hapana. Nimemwona."

"Yule pale. Angalia."

Akaangalia. Namba tisa akampungia chupa. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini, lakini mimi nilikuwa karibu na uso wake, na uso ule ulikuwa umepauka kama majivu. Aligeuka akaziangalia zile taa za pikipiki. Akaweka mkono juu ya macho, akauondoa, akauweka tena.

"Nilimwona," akaniambia kwa sauti ndogo. "Uso wake wote. Kovu lake la kidevuni. Nililiona."

"Ulikuwa unatarajia kumwona yeye, Refa. Mchana kutwa ulikuwa unamngojea."

Akaniachia filimbi mkononi, akatoka uwanjani. Mechi ikaisha sare, nikachezesha penalti mimi, na fahali alikwenda kwa timu isiyostahili, lakini hiyo ni habari nyingine.

Asubuhi alikuwa kwa wakili. Rufaa ya Okoth ilikuwa imeshafunguliwa na ilikuwa imelala kama rufaa zinavyolala, na wakili wake alikuwa dada mmoja kijana, mdogo wa umbo, anayeongea haraka kama mnadi. Nilimsindikiza Refa. Alisimulia kila kitu, mpaka chupa ya maji.

Wakili akaweka kalamu chini. "Mzee, unajua unachosema? Ukiapa kwamba ulidanganya korti, unaweza kufungwa wewe."

"Sikudanganya," Refa akasema. "Nilikosea."

"Wanaweza wasione tofauti."

"Basi nitawaonyesha."

Nyumbani kulilipuka. Shangazi alikuja na ukoo wote nyuma yake. "Damu ya Ouma unaiuza? Umepewa nini? Kama si huyo, ni nani?"

"Sijui, Waya."

"Utakwenda kusema mbele ya majaji hujui nani alimuua mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Basi ukimaliza usirudi kwangu kunywa hata chai."

Korti ya rufaa ilikubali asikilizwe. Majaji watatu, na ukumbi umejaa hivi kwamba watu walipumua kwa zamu. Mawakili walibishana juu ya giza na mwanga mpaka nikahisi niko tena ngumbaru. Kisha Refa akasimama. Wakili wa serikali, mrefu, mwenye miwani, akamzunguka kama kipanga.

"Shahidi, korti ya kwanza ulisema ulimwona mshtakiwa. Leo unasema hukumwona. Tukuamini siku gani?"

"Niaminini siku ile ya kwanza," Refa akasema. "Hospitalini. Kabla mtu yeyote hajanipa jina."

"Na zile siku nyingine ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa natafuta uso wa kumwekea yule mtu. Okoth alikuwa amenitisha, na chakula chetu amekataa. Nikamwekea wake. Nilipouweka, mheshimiwa, niliuona kweli. Naapa niliuona. Hilo ndilo linanitisha."

Yule jaji wa katikati aliacha kuandika. "Mwanga ulikuwa upi, Mzee?"

"Taa ya pikipiki, mheshimiwa. Machoni mwangu. Ukitaka nikuonyeshe, twende nje jioni."

Ukumbi ukacheka, na nadhani jaji naye, ila wao hucheka kwa ndani.

Siku ya hukumu tulifika asubuhi, tukaambiwa tusubiri uani. Watu walijigawa wenyewe bila kuambiwa: ukoo wa Refa upande wa geti, watu wa Okoth upande wa ukuta, na katikati nyasi tupu ambazo hata mbwa hakupita. Mama Okoth alikuwa amekaa chini, kikapu kimefunikwa magotini. Alikuwa amemkaangia mwanawe. Akiachiliwa, ale. Asipoachiliwa, ampelekee Kodiaga.

Refa akatoka upande wetu. Akavuka zile nyasi kwa mwendo wake ule wa kukagua shamba, mimi nyuma yake, na siku hiyo hakuvaa kaptula, alivaa suruali iliyopigwa pasi. Akasimama mbele ya yule mama.

"Mama," akasema. "Nimekuja kuomba chakula."

Mama Okoth hakuinua kichwa. "Mwanangu ulishamla. Bado una njaa?"

Nikadhani Refa atageuka. Akapiga magoti palepale, kwenye vumbi.

"Niko na njaa, mama. Nataka watu wetu waone nikila."

Kutoka upande wa geti shangazi akapiga yowe la kufukuza fisi. "Usile! Wewe mtoto, usile! Kuna damu hapo! Utavimba ufe!"

Mama Okoth sasa alimwangalia Refa usoni, na sijui alikuwa anatafuta nini, lakini alichukua muda wake wote. Akafunua kikapu. Akavunja kichwa cha mgongo wazi, ile sehemu nzuri, akamwekea kiganjani. Yeye mwenyewe akavunja mkia. Refa akala. Alitafuna kwa sauti, kachakacha, mpaka mfupa wa mwisho, watu wote wakimwangalia tumbo kama watu wanaongoja bomu. Mama Okoth naye akala, machozi yakimdondokea kwenye samaki. Hapo mzee mmoja wa upande wetu, mwenye fimbo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi hakuna kwor." Akavuka nyasi, akanyoosha mkono apewe kipande.

Hukumu ilisomwa kwa kirefu. Mimi mhitimu nilielewa sehemu ya mwisho: kwamba waliomuua Ouma hawakutambuliwa, kwamba rufaa imekubaliwa, na kwamba Okoth aachiliwe mara moja isipokuwa kama ana kosa jingine. Sijamaliza kusikia neno "mara moja" nikajikuta juu ya benchi. Askari wa korti alitutaka tunyamaze. Ingekuwa rahisi kuliambia ziwa likauke. Mama Okoth alipiga kigelegele ambacho nina hakika kilipokelewa Homa Bay.

Okoth alitoka amekonda, nywele zimekatwa vibaya. Refa alikuwa amesimama mlangoni. "Okoth, nilikukosea. Nilikunyang'anya miaka yako. Nisamehe."

Okoth akasema, "Mama ameniambia umekula kwake."

"Nimekula."

"Mbele ya watu wako?"

"Wote."

Wakashikana mikono, na hawakuachiana upesi. Mtu mmoja akauliza kwa nyuma, "Na waliomuua Ouma?" Refa akajibu bila kugeuka, "Wako huko nje. Sikuwaona." Tangu siku hiyo kila anayemuuliza anajibiwa hivyo, na hakuna tena aliyewahi kumpa jina akalipokea.

Mara ya mwisho nimekaa naye ni juzijuzi, siku ya ukumbusho wa Ouma. Shangazi alisharudiana naye, kwa sababu alimngojea avimbe afe, na Refa akanenepa. Hema limejaa, kwaya inaimba, kuku wanakimbizwa. Na nani anabeba viti? Okoth. Nani anapasua kuni? Okoth. Mimi na Refa tumekaa kivulini mwa hema, sahani mapajani, tukamwona shangazi akimfuata kijana yule kutoka jiko mpaka kwenye geti na sahani ya nyama ya kutosha watu watatu.

"Kula, mtoto wangu! Unataka niseme nini tena? Kula!"

Okoth akaweka mikono nyuma. "Asante mama. Sili."

Safari hii hakuna aliyenong'ona. Kina mama wa jikoni walishika mbavu.

"Lakini alikuomba msamaha! Pale kortini, sisi wote tulisikia!"

"Ule ulikuwa wa kesi, mama. Huo nilimpa. Wa kadi bado."

Watu wote wakamgeukia Refa. Shangazi akamgeukia Refa. Kwaya ikakatisha wimbo. "Sema, basi," nikamnong'oneza. "Neno moja tu, Refa, kijana ale. Umefuta kubwa, utashindwa kufuta kadi?"

Refa akaweka sahani chini. Akafuta mdomo kwa leso, akanyoosha mkunjo wa suruali, akasimama.

"Ilikuwa saa tisa mchana," akasema. "Jua linawaka. Nilikuwa mbele yake hatua chache. Alimpiga kiwiko. Hiyo niliona."

Okoth akainua benchi begani, meno yote nje. "Alianguka mwenyewe!" akapiga kelele, akaenda nalo kwenye hema.

"Kiwiko!" Refa akamfokea mgongoni. "Cha kushoto!"

Akaketi, akaichukua sahani yake, akaendelea kula kwa raha.